Sufuria Iliyopelekwa Raskazone

"Devota, usipike! Zile sufuria si titani! Zina..."

Hapo ndipo tulipoachana wiki iliyopita, msomaji wangu, na hapo ndipo simu ilipokatika.

Devota akaitazama simu mkononi. Mtandao hakuna. Akatoka nje ya jiko la kambi, akapanda juu ya kreti la soda, akainua mkono juu. Hakuna kitu. Mnara ulikuwa umelala, kama unavyolala kila mvua inaponyesha Ushongo.

Zina nini?

Akageuka kutazama jikoni. Juu ya moto, mchuzi wa changu na ukwaju ulikuwa ukitokota taratibu ndani ya sufuria ya kijivu. Nyingine za aina hiyo zilikuwa zimepangwa rafuni, nyepesi kama maganda ya mayai. Kambi ilizinunua mjini Tanga, dukani kwa mzee Kutbuddin, kwa ajili ya wageni wanaotembea ufukweni na mizigo mgongoni na kulala kwenye mahema. Titani halisi, ile metali nyepesi ya ghali, ndivyo walivyoambiwa. Haishiki kutu, haigombani na chakula, na mtu anaweza kuibeba kutwa nzima asijue kama anayo.

Devota hakungoja. Akaishika sufuria kwa kitambaa, akaenda nayo nje, akaumwaga mchuzi wote mchangani.

"Devota!" Alikuwa Bertha, msimamizi wa kambi, ametoka mbio na sahani mkononi. "Umepatwa na nini? Wageni wameshakaa mezani!"

"Mzee Kutbuddin amepiga simu. Kasema tusipike."

"Kwa nini?"

"Imekatika."

"Yaani umemwaga changu wa watu kwa sababu ya simu iliyokatika?"

"Dada Bertha, yule mzee hajanipandishia sauti tangu nimfahamu. Leo alikuwa anapiga kelele kama mtu anayeona nyumba inaungua."

Bertha akamnyang'anya sufuria pamoja na kitambaa ili aitazame. Mpini ukabaki mkononi mwake. Sufuria ikaanguka.

Kwenye ncha ya mpini, pale ulipokuwa umeungwa, palining'inia tone linalong'aa. Likachuruzika polepole, likadondoka mchangani, likaganda.

Bertha akautupa mpini.

Haji, dereva wa bodaboda aliyekuwa ameleta barafu, akachuchumaa. Akalibonyeza lile tone kwa ukucha. Ukucha ukaacha alama.

"Hii risasi," alisema. "Ile nzito ya ndani ya betri za magari. Ndiyo tunayoyeyusha kutengeneza chubwi za kuzamishia mishipi. Mbona iko kwenye sufuria?"

"Inadhuru?" Bertha aliuliza.

"Mimi sijasomea. Ila marehemu baba alikuwa akiiyeyusha uani kwetu, na alitufukuza sisi watoto kwa bakora tusisogee. Mama alipokuwa na mimba, alimhamishia kwa dada yake mpaka kazi ikaisha."

Devota akashika nguzo ya jiko.

"Dada Bertha," alisema polepole. "Ile sufuria moja iliyokosa mfuniko. Ile uliyonipa mimi."

"Naikumbuka. Iko wapi?"

"Nilitilia achari ya ndimu. Nikaituma mjini Tanga, Raskazone. Kwa Shaheen."

Msomaji wangu, kama ndiyo kwanza unaungana nasi leo, acha nikwambie Shaheen ni nani, ili uelewe kwa nini Devota aliishika nguzo ile.

Shaheen ni mkwe wa mzee Kutbuddin, mke wa mwanawe. Mimba mbili zimemharibikia. Hii ya tatu imefika mwishoni, na daktari amemlaza kitandani nyumbani asinyanyuke. Kila chakula anakitapika. Kitu kimoja tu kinakaa tumboni mwake: achari ya ndimu anayotengeneza Devota.

Na mama Shahbanu, mke wa mzee Kutbuddin, ndiye aliyekuwa akimpelekea Devota chai ya maziwa wodini, kila asubuhi, mwaka ule Ruthi, binti wa Devota, alipolazwa mjini. Hawakuwa ndugu. Hawakuwa hata majirani. Alimwona tu amelala sakafuni chini ya kitanda cha mtoto, akamhurumia.

Sasa Devota amemlipa kwa kumtumia mkwewe sumu.

Bertha hakusema neno la lawama. Alizikusanya sufuria zote, akazifungia stoo, akauvaa ufunguo shingoni. Kisha akavua koti lake la mvua, akamvisha Devota mwenyewe, akamfunga vifungo kama anayemvisha mtoto wa shule.

"Wageni nitawakaangia mayai," alisema. "Wakinuna, wanune. Haji, mpeleke. Na usimwangushe."

* * *

Njia ya Ushongo kwenda Pangani ilikuwa tope tupu. Pikipiki ikateleza, Haji akaishikilia kwa miguu miwili. Hakuna aliyesema kitu mpaka walipofika mtoni.

Pantoni ilikuwa ndiyo kwanza inatia nanga upande wao. Watu wakaanza kushuka. Katikati yao alitembea mwanamume nadhifu, amemshika mkono ajuza mmoja ili asiteleze. Alipomfikisha pakavu, akamrudishia kikapu chake na kumtakia safari njema.

Kisha akainua uso, akamwona Devota, akatabasamu.

Alikuwa Wilfred. Huyu ndiye aliyezileta zile sufuria dukani kwa mzee Kutbuddin.

"Mama Ruthi! Habari za Ushongo? Nakuja kwenu hivi."

"Kufanya nini?"

"Kuzichukua zile sufuria. Nimesikia zina kasoro ndogo. Nawabadilishia, bure kabisa." Akasogea karibu. "Ila seti yenu, nimeambiwa, imepungua moja. Iko wapi?"

"Nani kakwambia imepungua?"

"Mimi nauza vyombo, mama. Lazima nijue vinakokwenda."

"Nimeitupa."

Wilfred akamtazama kwa huruma, kama mwalimu anayemtazama mtoto aliyekosea hesabu rahisi.

"Hujaitupa. Wewe ni mtu wa kutunza vitu. Nisikilize, nakusaidia tu. Kama ni ya kuchemshia maji, haina neno. Ila isitiwe kitu kichachu. Ndimu, siki, ukwaju, hapana. Nilimwambia mzee Kutbuddin, sijui kama alisikia."

"Na ikitiwa?"

Wilfred aliishika pikipiki ya Haji kwa nyuma, akawasaidia kuisukuma mpaka ndani ya pantoni. Matope yakamrukia kwenye suruali yake safi, wala hakujali. Pantoni ilipoanza kuondoka, alibaki amesimama ukingoni, akiwapungia mkono.

Nimewahi kuona watu wema wengi, msomaji wangu, na huwa nafurahi kuwasimulia. Lakini mkono ule uliokuwa ukipunga haukunifurahisha hata kidogo.

"Huyo jamaa yako?" Haji aliuliza.

"Hapana."

"Afadhali. Macho yake hayakucheka hata mara moja."

* * *

Walipofika Kigombe mtandao ukarudi. Simu ya Devota ikalia mfululizo kwa ujumbe wa simu alizokosa, zote za mzee Kutbuddin. Akampigia. Haipatikani. Akampigia mama Shahbanu. Ikaita, ikaita, ikakatika yenyewe.

"Pokea, mama," alinong'ona. "Pokea."

"Dada, mafuta yanaisha," Haji alisema. "Nisimame hapa nitie chupa moja."

Msomaji wangu, Kigombe ndiko nyumbani kwa Devota. Muuza mafuta yuko hatua chache tu kutoka mlangoni kwake, na mama mkwe wake, Bibi Anastazia, alikuwa ameshamwona.

"Tumsifu Yesu Kristo! Mbona leo si siku yako ya kuja?"

"Milele amina. Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umelowa chepechepe! Shuka unywe uji."

"Nawahi mjini, mama. Ile achari ya Shaheen, ulishaipeleka?"

"Zamani sana. Nilimpa dereva wa gari la samaki, mkononi kwake, nikamwambia asiiweke chini kamwe. Kwani haikufika?"

Devota akafungua mdomo amweleze. Akautazama uso wa yule mama. Mikono ile iliyokata mkonge ujana wake wote, sasa ilikuwa imekonda. Moyo wake si mzima, na hospitali walisema asishtuliwe.

"Ilifika, mama," Devota alisema. "Nauliza tu."

Alifanya hivyo kwa upendo. Tulikumbuke hilo, tusije tukamlaumu baadaye.

Barazani, juu ya mkeka, Ruthi alikuwa amekaa na bakuli mapajani. Siku nyingine zote akisikia sauti ya mama yake hutoka mbio na kumrukia shingoni. Leo aliinua macho tu.

"Ruthi, hunipokei leo?"

"Miguu imechoka, mama."

"Imechoka na nini leo?"

"Anakua huyo," Bibi Anastazia alisema. "Mtoto akikua mwili humlegea. Tumbo nalo linamsokota kidogo, na siku hizi kanuna kama mkwe wa mtu. Lakini uji wa ukwaju anaumaliza wote. Naulowesha ukwaju tangu jioni, ukikesha unakuwa mkali, ndivyo anavyoupenda." Akamgeukia Haji. "Na wewe baba, usiondoke mdomo mkavu. Shika kikombe."

Haji akapokea kwa mikono miwili, akanywa funda moja, akapepesa macho.

"Bibi, umetia sukari nyingi!"

"Sukari? Sukari iliisha juzi, mjukuu wangu. Sijatia hata chembe."

"Basi huo ukwaju wako umelogwa. Mtamu!"

Bibi akacheka. Ruthi akalamba kijiko. Nyuma ya nyumba, jikoni, moshi mwembamba ulikuwa ukipanda kutoka mafigani.

Devota hakugeuka kuutazama. Alikuwa ameshapanda pikipiki.

"Haji, twende!"

* * *

Raskazone nyumba ni kubwa na nyua ni pana. Devota aliruka kabla pikipiki haijasimama. Hakupiga hodi. Alipita sebuleni na matope yake, akapita mbele ya mama Shahbanu aliyekuwa ndiyo kwanza anakunja msala, akausukuma mlango wa chumbani.

Shaheen alikuwa ameketi kitandani, mito mgongoni. Kando yake, juu ya meza ndogo, palikuwa na sufuria ya kijivu. Mkononi ameshika kijiko, na kijiko kilikuwa njiani kwenda mdomoni.

Devota akakipiga kofi.

Kijiko kikaruka. Vipande vya ndimu vikanata ukutani. Shaheen akapiga ukelele.

"Devota!" Mama Shahbanu alikuwa mlangoni. "Kichaa? Hata shikamoo hakuna, unampiga mgonjwa wangu?"

"Ameila? Mama, ameila hii?"

"Mbona unanitisha! Kila siku anaila. Wewe mwenyewe si ndiye uliyetuma?"

Kutoka nyuma ikasikika sauti ya mzee Kutbuddin.

"Imetumwa ndani ya nini?"

Alikuwa amesimama ukumbini, kofia yake nyeupe yenye ukingo wa dhahabu imekaa upande, simu mkononi imezima. Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima tangu asubuhi, na yeye alikuwa ametoka kutoa taarifa kwa wakubwa wa serikali.

"Nilikupigia uokoe wageni wako," alisema. "Sikujua kama iko moja nyumbani kwangu."

"Bertha alinigawia, baba. Haikuwa na mfuniko. Sikujua."

"Ya Allah," mzee alisema, akakaa kitini.

Akaeleza kwa maneno mafupi. Mteja mmoja alirudisha sufuria akilalamika kuwa mpini umeng'oka. Yeye akaikwangua kwa kisu, rangi ya kijivu ikatoka kama gamba la samaki. Chini yake vyuma chakavu vilivyoyeyushwa pamoja, na viungo vyote vimelehemiwa kwa risasi. Akaipeleka maabara. Jibu limekuja leo asubuhi.

"Walisema nini?" Shaheen aliuliza. Mikono yake miwili ilikuwa juu ya tumbo.

Mzee akavua kofia yake.

"Baba. Walisema nini?"

"Walisema mtu mzima huchukua muda kuumia. Mtoto hachukui muda. Na aliye tumboni ndiye mdogo kuliko wote."

Shaheen hakulia. Alimtazama Devota, akasema taratibu, "Nimekula kila siku, dada Devota. Nilikuwa nakuombea dua kila nikimaliza."

Devota akapiga magoti pale pale juu ya zulia.

Na hapa, msomaji wangu, nataka uone alichofanya mama Shahbanu. Alikuwa na haki ya kumfukuza. Badala yake alichukua taulo, akaanza kumkausha nywele.

"Hukujua," alisema. "Sote hatukujua."

Ghafla mzee Kutbuddin akasimama. Akaitwaa ile sufuria, akaipima uzito kiganjani. Akakunja uso. Akaigonga kwa kijiko.

Ikalia kama kengele ndogo. Sauti nyembamba, ndefu, ikabaki hewani.

"Hebu," alisema. "Hebu, hebu, hebu. Zile zangu hazilii hivi. Zile hulia kama udongo. Njooni jikoni!"

Akaimwaga achari yote, akaisuuza sufuria, akaifuta, akawasha jiko la gesi, akaiweka tupu juu ya moto mkali.

"Utaiunguza!" mama Shahbanu alisema.

"Ndicho ninachotaka. Ikiwa ni ya Wilfred, rangi itatoa malengelenge na mpini utadondoka kabla hujamaliza kusema bismillahi. Ikiwa titani, moto huu ni mchezo kwake. Ila itabadilika sura. Tazameni."

Wakatazama. Hata Shaheen alikuwa ameinuka, amejishikilia mlangoni, wala hakuna aliyekumbuka kumkataza.

Mpini ulikaa palepale. Rangi haikuvimba.

Kisha sehemu ya chini ya sufuria ikaanza kugeuka. Kwanza ikawa ya dhahabu. Dhahabu ikaiva ikawa zambarau. Zambarau ikatambaa kuelekea juu, na nyuma yake ikaja buluu, safi, kama shingo ya tausi.

"Titani," mzee Kutbuddin alinong'ona. "Titani halisi, wallahi. Katika hii unaweza kukesha na ndimu mwaka mzima, isidondoshe hata chembe ya kitu. Shaheen, mwanangu, umekula ndimu na chumvi tu!"

Mama Shahbanu akapiga kigelegele, papo hapo kikageuka kilio. Akamkumbatia mkwewe. Shaheen akacheka, akaanza kudai achari yake irudishwe.

"Imemwagwa, mwanangu," mzee Kutbuddin alisema.

"Basi dada Devota atanitengenezea nyingine, na kofi alilonipiga atalilipa!"

Wakacheka wote. Haji, aliyekuwa amesimama uani na matope yake, alicheka bila kujua sababu. Mama Shahbanu akamletea kiti na chai.

Devota peke yake hakucheka.

Alikuwa akizitazama zile rangi. Alizifahamu. Kuna mgeni mmoja, bibi wa kizungu mwenye mvi, aliyelala kambini msimu uliopita na kumwachia sufuria yake kwa shukrani, kwa sababu Devota alimkanda mguu ulioteguka. Chini yake palikuwa na rangi hizi hizi, mpaka Bibi Anastazia alipozisugua kwa mchanga na kumbi la nazi akidhani ni masizi. Tangu hapo ilifanana na zile za Wilfred kama pacha.

"Hii ni ya kwangu," Devota alisema. "Hii ni ile yangu ya zamani. Mimi achari niliitia kwenye ile mpya. Niliitia kwa mkono wangu."

"Sasa imefikaje humu?" mzee Kutbuddin aliuliza.

Mama Shahbanu akajifuta macho.

"Kumbe hukuambiwa? Mama mkwe wako alinibipu, nikampigia, siku ile ile ulipoondoka kurudi kazini. Mwanamke muungwana, sijapata kuona. Alisema, 'Mama Shahbanu, Devota alikuwa ameitia kwenye chombo kisicho na mfuniko. Mimi siwezi kumpelekea mgonjwa wako chombo pungufu, watu watasema tumekosa adabu. Nimeihamishia kwenye chombo chetu kizuri cha mzungu. Hicho pungufu tutatumia wenyewe nyumbani.' Ndiyo maana sijairudisha mpaka leo. Nilisema siwezi kuirudisha tupu. Nilikuwa nangoja mtoto azaliwe niijaze vitamu vya mithai."

Devota akanyoosha mkono, akazima gesi.

"Nyumbani," Devota alisema. "Wanaitumia nyumbani."

"Wanapikia nini?" mzee Kutbuddin aliuliza. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Devota. Wanapikia nini?"

"Uji."

"Uji mtupu?"

"Wa ukwaju. Anaulowesha humo tangu jioni."

Haji akashusha kikombe chake cha chai.

"Ule uji," alisema kutoka uani. "Ule uji ulikuwa mtamu, dada. Na bibi alisema sukari iliisha juzi."

Mzee Kutbuddin akafumba macho.

"Yule wa maabara aliniambia kitu, nikaona si cha kuwaeleza wanawake wajawazito," alisema. "Risasi ikikutana na uchachu, hutoa utamu. Ndiyo ubaya wake. Watoto huipenda. Wanaomba waongezwe."

Miguu imechoka, mama.

Devota alikuwa amekaa pale kwenye pikipiki, hatua chache kutoka kwenye mafiga yale. Moshi ulikuwa ukipanda, hakugeuka kuutazama. Alimwona mwanawe akilamba kijiko. Angesema neno moja tu. Hakulisema, ili asimshtue Bibi Anastazia.

Akaingiza mkono mfukoni atoe simu, na simu ikaita kabla hajaishika. Mlio mmoja, ikakatika.

Bibi Anastazia. Siku zote hana salio, siku zote hubipu.

Devota akapiga. Ikapokelewa hapo hapo.

"Mama! Mama, sikiliza, ile sufuria..."

"Mwanangu, afadhali umepiga." Bibi Anastazia alikuwa anahema. "Usishtuke. Ruthi ameanguka. Alikuwa amekaa tu hivi, mara macho yakaenda juu, mikono ikaanza kumrukaruka. Sasa imetulia, lakini hanijibu. Nimetuma mtu akamwite mganga wa zahanati. Midomo imemkauka, namtilia kitu kidogo kidogo apate nguvu. Anameza, Mungu ni mwema, anameza."

"Unamtilia nini? Mama! Unamtilia nini?"

"Ngoja niiweke simu hapa chini nimwinue kichwa, mkono mmoja haunitoshi."

"Mama, usiweke simu! Mama!"

Ikasikika kanga ikisuguana na mkeka. Ikasikika sauti ya yule mama, mbali sasa, ikibembeleza, "Kunywa, mjukuu wangu. Kunywa kidogo tena, ndio unaoupenda."

Devota akapaza sauti mpaka ikapasuka. Mzee Kutbuddin akapaza sauti. Mama Shahbanu akapaza sauti. Nyumba nzima ya Raskazone ilikuwa ikipiga kelele ndani ya simu moja iliyolazwa juu ya mkeka Kigombe, na hakuna aliyewasikia.

Kisha wao wakasikia kitu.

Kijiko kikagonga ukingo wa sufuria. Hakikulia kama kengele. Kililia butu, kama kinachogonga udongo.

Kikachota. Kikagonga tena.